Nyumba Moja, Makosa 48: Ushauri kwa Anayepatanisha Michoro ya Ghorofa

Jengo la ghorofa nane lenye nyumba sita kila ghorofa lina nyumba 48. Mchoraji akikosea mahali pa bomba la choo kwa sentimita nne kwenye nyumba ya mfano, kosa hilo halibaki moja. Linakuwa makosa 48, na kila moja litajitokeza siku yake, mbele ya fundi wake, naye atalitatua anavyojua. Ghorofa ya pili watapasua zege. Ya nne watapindisha bomba kwa viwiko viwili, na baada ya muda choo kitaanza kuziba. Ya sita watasogeza ukuta, chumba cha kulala kipungue, na kabati ambalo mnunuzi alilipima kwenye mchoro likatae kuingia. Kwenye mradi kama Magomeni Kota jijini Dar es Salaam, uliojengwa kwa ajili ya kaya 644, jambo dogo la nyumba moja lina uzito wa mtaa mzima.

Ndiyo maana naamini modeli ya taarifa za jengo, ambayo maofisini huitwa BIM, ina faida kubwa kwenye nyumba za ghorofa za kuuza na kupangisha kuliko karibu kila aina nyingine ya jengo. Wengi wanaijua kama picha nzuri ya kuwaonyesha wanunuzi. Picha ni kipande kidogo tu cha kazi yake. Modeli ni jengo lenyewe likijengwa kwenye kompyuta kwanza: ukuta una unene wake na aina ya tofali, mlango una namba ya nyumba uliomo, bomba lina kipenyo na mteremko. Msanifu majengo anatengeneza modeli yake, mhandisi wa miundo yake, wa mabomba na wa umeme zao. Zikiwekwa pamoja, bomba linalopita katikati ya boriti linaonekana kabla boriti haijafungwa nondo. Uingereza ilifanya utaratibu huu kuwa wa lazima kwa miradi ya serikali kuu kuanzia Aprili 2016, na mwaka 2018 kikatoka kiwango cha kimataifa cha ISO 19650 kinachoeleza namna timu zinavyopaswa kupeana taarifa hizo. Anayejenga Tegeta, Kigamboni au Syokimau hana sababu ya kungoja alazimishwe.

Ushauri huu ni kwa yule anayekusanya timu, awe mwenye mradi au msanifu kiongozi. Nina jambo moja la kusisitiza, na mengine yote yanalizunguka: kwenye nyumba za ghorofa, malizeni nyumba ya mfano na dakti, yaani matundu ya wima ya kupitishia mabomba, kabla ya kitu kingine chochote. Mkipatana kwenye hivyo viwili, sehemu kubwa ya jengo imepatana. Mkiviacha mpaka mwisho, hakuna programu itakayowaokoa.

Kabla hata ya hapo kuna makubaliano ya kikao kimoja, na yaandikwe. La kwanza ni sifuri ya jengo iko wapi. Chagueni mahali mistari miwili ya nguzo inapokutana, tuseme A na 1, kila modeli ianzie hapo na ielekee upande uleule. Bila hilo, modeli ya miundo itafunguka mita mia mbili kutoka kwenye modeli ya msanifu, na mtapoteza wiki mkivutana mafaili.

La pili ni usawa wa sakafu, na hapa naomba utulie kidogo, maana ndipo penye hasara ya kimyakimya. Msanifu huhesabu urefu juu ya marumaru. Mhandisi wa miundo huhesabu juu ya zege. Kati yao kuna skridi na marumaru, kwa kawaida milimita 50 hivi. Chukua ngazi inayopanda milimita 3,000 kwa hatua 18. Kila hatua ni karibu milimita 167. Zege la ngazi likimwagwa kwa vipimo hivyo sawasawa toka zege hadi zege, kisha sakafu zikapata milimita 50 za umaliziaji na vidato vya ngazi vikapata 20 tu, hatua ya chini kabisa itakuwa na milimita 137 na ya juu kabisa 197. Tofauti ni sentimita sita. Mama aliyebeba mtoto na ndoo ya maji atajikwaa pale kila siku, na hakuna atakayejua kwamba ajali ilianzia kwenye sifuri mbili zisizofanana. Kwenye modeli, wekeni usawa wa aina zote mbili, kila mmoja na jina lake, na ngazi ichorwe pamoja na umaliziaji wake.

La tatu ni nani mwenye kitu gani. Nguzo ni za mhandisi wa miundo. Msanifu akizihitaji, aziazime kutoka kwenye modeli ya mwenzake badala ya kuchora zake. Nguzo ikichorwa na watu wawili, siku moja itasogezwa na mmoja tu. Majina ya mafaili, siku ya kubadilishana modeli na siku ya kikao vitoshe kwenye ukurasa mmoja au miwili. Nimeona mipango ya kurasa sitini iliyonakiliwa kutoka nchi nyingine ambayo hakuna aliyeisoma hadi mwisho.

Sasa nyumba ya mfano. Tuseme ni ya vyumba viwili, aina A. Imalizeni kabisa kabla ya kuinakili: kitanda cha futi tano kwa sita kikiwa chumbani, friji jikoni, mlango ukifunguka kwenye modeli, swichi zikiwa upande wa kitasa, bomba la maji ya kiyoyozi likiwa na mahali pa kutokea, tundu la choo likiwa kwenye kipimo cha choo mtakachonunua kweli. Mhandisi wa mabomba na wa umeme wapitie nyumba hiyo pamoja na msanifu, ukuta kwa ukuta. Halafu iwekeni kwenye jengo kama nakala zilizoungwa na asili yake, ili marekebisho ya moja yafike kwenye zote. Anayenakili kwa kubandika tu ametengeneza nyumba 48 zitakazoanza kutofautiana siku ya kwanza ya mabadiliko.

Jihadharini na kugeuza. Nyumba za ghorofa hupangwa mbilimbili zikiwa zimepakana, ya kushoto na ya kulia, ili vyoo viwili vitumie dakti moja. Ni mpango mzuri. Lakini programu ikigeuza nyumba, hugeuza kila kitu kilichomo. Koki ya maji ya moto, ambayo fundi na mtumiaji wameizoea kushoto, inahamia kulia. Boksi la umeme linahama na kuangukia ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Sinki lenye sehemu ya kukaushia vyombo linageuka kuwa la upande ambao huenda haliuzwi dukani. Kwa hiyo hesabuni nyumba iliyogeuzwa kuwa aina ya pili, ipeni jina, na muipitie upya kama mlivyopitia ya kwanza. Fanyeni hivyo pia kwa nyumba za pembeni, za ghorofa ya juu kabisa na zile zilizo juu ya maduka. Nyumba hizo zinazotofautiana kidogo na nyingine ndizo zinazobeba makosa mengi, kwa sababu kila mtu anadhani zimeshakaguliwa.

Nguzo zina kesi yao. Nafasi ya nguzo huamuliwa na vyumba vya juu, kisha mtu anashuka chini kwenye maegesho na kukuta nguzo iko katikati ya gari. Gari moja linahitaji upana wa karibu mita 2.5 na urefu wa mita 5. Magari matatu kati ya nguzo mbili yanataka mita 7.5 wazi, na nguzo ikiwa na unene wa sentimita 30 inakuwa mita 7.8 toka kitovu hadi kitovu. Wekeni ghorofa ya maegesho na nyumba ya mfano kwenye modeli siku ileile, mtafute mpangilio wa nguzo unaozikubali zote. Ukiamuliwa ghorofani peke yake, mtajikuta na nyumba 48 na maegesho ya magari 30.

Dakti ya mabomba inastahili kikao chake. Ni tundu linalotoboka kila sakafu toka juu hadi chini, na kila mmoja kwenye timu analiona kama la mwenzake. Msanifu anataka liwe dogo, maana kila sentimita inayoongezwa humo inapungua kwenye eneo la kuuza. Fundi bomba anataka liwe kubwa. Mhandisi wa miundo hataki liguse boriti. Kinachopita humo si bomba moja: kuna bomba la choo la inchi nne, bomba la maji ya bafu na sinki, bomba la hewa, maji safi yanayopanda kwenda kwenye matangi, maji safi yanayoshuka kwenda kwenye nyumba, na mara nyingine maji ya mvua ya paa. Kila bomba lina viungio vinene kuliko lenyewe, vishikio vya ukutani, na mkono wa fundi unaohitaji kulizunguka akiwa na spana. Yachoreni yote kwa unene wake halisi, pamoja na viungio. Kisha wekeni kwenye modeli kiboksi chenye ukubwa wa mtu aliyeinama mbele ya mlango wa ukaguzi, na mwone kama anaingia. Mlango huo ufungukie kwenye korido ya wote. Nimeingia kwenye majengo ambayo, ili kuziba bomba linalovuja la jirani, fundi hulazimika kumwomba mwenye nyumba ya chini amfungulie chumba chake cha kulala.

Dakti ikishakubalika, igandisheni. Yeyote anayetaka kuisogeza alete hoja kwenye kikao. Na matundu yake yote kwenye zege, pamoja na vipande vya bomba vinavyoachwa ndani ya zege kabla ya kumwaga, vitoke kwenye modeli vikiwa na vipimo kutoka kwenye mistari ya nguzo, kwenye karatasi moja kwa kila ghorofa, yenye saini za msanifu, mhandisi wa miundo na mhandisi wa mabomba. Karatasi hiyo ndiyo hati yenye thamani kuliko zote zitakazotoka kwenye kompyuta yenu. Kutoboa boriti baada ya zege kukauka kunakata nondo, na nondo iliyokatwa hairudishwi kwa kupiga lipu juu yake.

Baada ya hapo ndipo mnakuja kwenye kazi ambayo wengi hudhani ndiyo BIM yote: kushindanisha modeli na kutafuta migongano. Programu itakuletea orodha ya mamia, pengine maelfu, mara ya kwanza. Usiogope na usiigawe jinsi ilivyo. Panga kwanza kwa aina: mgongano uleule kwenye nyumba 48 ni tatizo moja. Kisha fuata ngazi ya nani ampishe nani. Bomba la maji taka halipandi mlima, hivyo ndilo linalopishwa baada ya nguzo na boriti. Mirija mikubwa ya hewa ya maegesho inafuata, kisha mabomba ya zimamoto, kisha trei za nyaya. Maji safi yana msukumo, yanaweza kupanda na kushuka, kwa hiyo yanapisha. Mifereji midogo ya waya inapisha wote.

Tazama kwa nini maji taka yana kiburi hicho. Sakafu hadi sakafu ni milimita 3,000. Toa 50 za umaliziaji na boriti ya 450. Chini ya boriti zimebaki 2,500. Bomba la choo la milimita 110, likiwa na mteremko wa 1 kwa 40 kwa safari ya mita nne, linashuka milimita 100. Ukilipitisha chini ya boriti, limekula 210. Weka vishikio na dari la jipsamu, toa 50 nyingine, na urefu uliobaki ni milimita 2,240. Msanifu alikuwa ameweka fremu ya mlango yenye dirisha la hewa juu, urefu 2,400. Mlango hauingii. Suluhisho kwenye modeli ni la mchana mmoja: sogeza choo karibu na dakti, safari ya bomba ishuke hadi mita moja na nusu na isivuke boriti kabisa. Suluhisho saiti ni kukata fremu 48.

Kuna mgongano mwingine ambao kompyuta haiuoni usipoiambia, kwa sababu hakuna vitu viwili vilivyogusana. Valvu iko wazi lakini mkono haufiki. Mlango wa boksi la umeme unafunguka nusu. Wekeni nafasi hizo za kazi kama maumbo kwenye modeli ili zishindanishwe na vitu vingine. Chumba cha mita za umeme za Luku chini ya jengo kinahitaji nafasi hiyo kuliko vyumba vyote, maana mita 48 na za huduma za pamoja zinakaa pamoja, na nyaya zake zinatafuta njia yao ya kupanda ambayo isiwe dakti ya maji.

Matangi ya juu ya paa ni suala fupi lakini zito. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano za maji. Manne ni tani 20, na mahali pake hubadilishwa kirahisi sana kwenye mchoro wa paa. Kila tangi liwe kwenye modeli likiwa na uzito wake, na mhandisi wa miundo apate taarifa kila likisogea.

Vikao viwe kila wiki, vifupi, mbele ya skrini moja. Kila tatizo lipewe picha, jina la mtu mmoja na tarehe. Kuna aina ya faili iitwayo BCF inayobeba picha na maoni hayo toka programu moja kwenda nyingine. Daftari la kawaida pia linafaa, mradi tatizo lisiwe la "timu". Mwalikeni fundi bomba mwenye uzoefu angalau kwenye kikao cha dakti na cha nyumba ya mfano. Anajua bomba lipi linapatikana Kariakoo na lipi litaagizwa kwa miezi miwili, na ataona kwa dakika tano kile ambacho msanifu mchanga hajawahi kukishika mkononi. Mlipeni kwa muda huo.

Mkadiriaji majenzi aingie mapema vilevile. Modeli itampa milango, madirisha, eneo la lipu na ujazo wa zege haraka, na ikibadilika atapata hesabu mpya bila kupima upya karatasi. Ila akumbushwe kwamba modeli inahesabu kilichochorwa tu. Kama hakuna aliyechora linta, hakuna linta kwenye hesabu. Hali kadhalika eneo la kila nyumba: mkubaliane linapimwa toka ndani ya ukuta au katikati yake, na muandike. Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za jengo tangu 2008, Kenya ilipitisha yake mpya mwaka 2020, na mnunuzi anayepewa hati ya mita za mraba 78 ana haki ya kuzikuta.

Najua ofisi nyingi ni za watu wanne, umeme unakatika na leseni za programu kubwa ni ghali. Haiwi sababu ya kukaa nje. Kila mmoja anaweza kutumia programu yake, mradi itoe faili la IFC, ambalo ni la wazi na halimilikiwi na kampuni yoyote. FreeCAD na Bonsai zinafungua na kuhariri IFC bila malipo, na vipo vitazamio vya bure vya kuziweka modeli pamoja. Kama intaneti ni ya kubahatisha, badilishaneni kwa flashi kila Ijumaa, mkifuata majina mliyokubaliana. Na msichore kila kitu. Skatingi, vitasa na mapambo ya dari haviwagombanishi mafundi. Bomba, boriti, nguzo na matundu ndivyo vinavyogombanisha, hivyo vichorwe kwa ukamilifu wake. Michoro ya karatasi itakayopigwa mihuri na kwenda halmashauri itoke kwenye modeli hiyohiyo. Mkianza kurekebisha karatasi peke yake kwa sababu kibali kinahitajika haraka, modeli imeshaanza kusema uongo.

Saiti, fundi hahitaji kujua programu. Anahitaji karatasi ya nyumba yake yenye mchoro wa kona ya choo kwa pande tatu, na msimamizi mwenye simu inayofungua modeli anapokwama. Siku moja kabla ya kumwaga zege la kila ghorofa, msimamizi ashike ile karatasi ya matundu yenye saini tatu, apime kila tundu kutoka kwenye mistari ya nguzo na kulitia alama. Ghorofa ya kwanza ya nyumba ijengwe mpaka umaliziaji wa nyumba moja ukamilike mapema iwezekanavyo, ili kasoro iliyoipita modeli ipatikane kabla ya kurudiwa juu.

Kwa mwenye mradi nina ombi la mwisho, na lipelekwe kwenye mkataba kabla hujasaini ada za wataalamu. Andika kwamba mwisho wa kazi utakabidhiwa modeli zote kwa IFC, mafaili yake ya asili na michoro ya PDF, zikiwa zimerekebishwa kulingana na kilichojengwa, pamoja na orodha ya valvu zote za kufungia maji na mahali zilipo. Mkandarasi naye awajibike kuripoti kila bomba lililohama. Ukishauza nyumba, nakala moja ikabidhiwe umoja wa wamiliki, na nyingine ibaki kwa anayesimamia jengo.